Apu gani nzuri ya kuunganisha picha za vyeti ziwe PDF moja?

SWALI: Kaka habari za kazi. Naomba kazi na mfumo unataka vyeti vyote kwenye PDF moja isiyozidi MB 2, mimi nina picha 14 kwenye simu. Nimejaribu apu tatu, moja inaweka maandishi yake kila ukurasa, nyingine inadai hela, rafiki kanitumia ya "Pro" kupitia WhatsApp ila simu inasema ni hatari. Laptop ya Windows 10 ipo kwa kaka yangu. Nitumie ipi?

JIBU: Nzuri dada. Hiyo ya "Pro" uliyotumiwa WhatsApp ifute sasa hivi, usiifungue hata kidogo. Mtu aliyeichakachua apu ya kulipia akakugawia bure hujui kaweka nini ndani, na wewe unaenda kuikabidhi vyeti.

Tumia laptop ya kaka yako. Pakua programu ya NAPS2 kwenye tovuti yao wenyewe, ni ya bure kabisa na ikishakaa kwenye mashine haihitaji intaneti, unaingiza picha, unapanga kurasa kwa kuziburuta, unasevu PDF. Majina ya picha yaanze 01, 02, 03, maana ukiandika 1, 2, 3 kuna programu zinaiweka 10 mbele ya 2 na transkripti inaishia katikati ya cheti cha kuzaliwa. Hata bila NAPS2 Windows ina Microsoft Print to PDF, unaselekti picha zote unaziprinti kama kawaida, ila kile kiboksi cha "Fit picture to frame" kitoe tiki, kinakata kingo za picha ili ijae karatasi, na huko pembeni ndiko mara nyingi kunakaa namba ya cheti na nusu ya muhuri. Na faili lake linaweza kutoka kubwa.

Sasa kinachonichosha kila siku ni watu kudhani PDF ndiyo inapunguza na kusafisha picha. Haifanyi hivyo jamani, PDF ni bahasha tu, ulichoweka ndicho kilichomo! Picha ya megapikseli 12 ni pikseli 4000 kwa 3000, inafika MB 3 au 4, zidisha mara 14 uone. Juzi kijana kaniletea cheti kakipiga picha kimelala juu ya kitenge, nusu nzima ya picha ni maua ya kitenge, halafu analaumu apu. JPEG, ile aina ya faili la picha za simu, inabana vizuri sehemu nyeupe tupu lakini maua yale inabidi iyahifadhi yote, kwa hiyo alikuwa anatuma kitenge kuliko cheti. Tukakata kitenge, tukashusha upana mpaka pikseli 1240, yaani A4 kwa dpi 150 (nukta 150 kwa kila inchi), faili likawa dogo na maandishi yanasomeka vizuri tu. Wewe una nafasi ya kama KB 140 kwa kila ukurasa, kwa hiyo kata, punguza kwenye Paint ya Windows, ndipo uunganishe.

Na usikimbilie zile tovuti za "unganisha bure" ambazo hujui nani yuko nyuma yake. Machi 2025 ofisi ya Denver ya FBI, wapelelezi wa serikali kule Marekani, ilionya kwamba wahalifu wanatumia tovuti za bure za kubadilisha mafaili kuingiza virusi na kukomba taarifa za watu. Hata apu yenye jina siyo kinga, mwaka 2019 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, waligundua programu hasidi ndani ya CamScanner ya Android, apu ya kuskani iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100, Google wakaitoa dukani kwao. Mtu anaficha PIN ya simu kwa mkono lakini namba ya NIDA, saini na cheti cha kuzaliwa anavipakia popote alipoambiwa ni bure! Steshenari nako ni hivyo hivyo, nimeshakaa kwenye kompyuta ya duka moja nikakuta desktop imejaa vyeti na CV za watu ambao hata hawakumbuki walipita pale. Ukimaliza kazi futa mafaili yako mwenyewe, mpaka kwenye Recycle Bin, na utoke kwenye email yako.

Kabla hujatuma, fungua hiyo PDF kwenye simu, vuta kila ukurasa karibu usome namba ya cheti. Ukishindwa kuisoma, piga picha upya mchana, karibu na dirisha, cheti kikiwa kwenye meza tupu.