Kubadilisha anwani unapohama: anza na benki

Dada, umeuliza uanze na nani kwa kuwa unahama wiki mbili zijazo. Mimi ningeanza na benki. Kadi mpya na barua zenye namba ya siri zikitumwa kwenye nyumba ya zamani, anayezifungua humjui, na jina lako pamoja na taarifa za akaunti vinatosha kumpa mtu mwanya wa kukuibia.

Baada ya benki, bima, na hapo usichelewe hata siku moja. Bima ya vyombo vya ndani hufungamana na nyumba uliyoitaja kwenye mkataba. Ukipata hasara kwenye nyumba mpya kabla hujawaarifu, wanaweza kukataa kulipa. Hata bima ya gari huweza kubadilika bei kulingana na mahali linapolala. Mwajiri, ofisi ya kodi, leseni ya udereva na daftari la wapigakura vifuate.

Kama posta yenu ina huduma ya kukuelekezea barua kwenye anwani mpya, ichukue, lakini ina kikomo cha muda. Itumie kama kipimo: kila barua inayokufikia kwa njia hiyo inakuonyesha ni nani bado hujamwambia. Barua zinazokuja mara moja tu kwa mwaka ndizo husahaulika zaidi.

Halafu ingia kwenye maduka ya mtandaoni ufute anwani ya zamani kabisa. Ikibaki pale, siku moja utabonyeza kwa haraka na mzigo utakwenda kulekule.