Mmeoana mnahamia Mbeya? Baridi kwanza, sofa baadaye

Nyumba ya kwanza ya wanandoa wengi hapa Uyole ni chumba na sebule ya kupanga: kuta za tofali za kuchoma, bati juu, sakafu ya saruji, na mlango wa mbao ambao chini yake panya anapita bila kuinama. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi ndani ya nyumba ya namna hiyo kunaweza kuwa na baridi kuliko uani penye jua. Mimi nimezaliwa Tanga, nimeolewa huku. Ushauri wangu kwa kila mwanandoa mpya anayeanza maisha Nyanda za Juu Kusini ni kwamba pesa zenu za kwanza na nguvu zenu za kwanza ziende kwenye baridi. Sofa isubiri. Kabati la vyombo lisubiri. Runinga nayo isubiri.

Najua presha ya sofa ilivyo. Mawifi watakuja, wazee watapita kuwaona, na bi harusi anataka sebule isimwaibishe. Lakini wageni wa huku wakija wanakaa, hawapiti mlangoni na kuaga. Mgeni aliyekaa kwenye kigoda chenye mto, miguu iko juu ya mkeka na zulia nene, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, ataondoka akikusifia. Aliyekaa kwenye sofa jipya huku nyayo zinamganda ataaga mapema. Kwa hiyo hata kwenye kicheni pati, dada, sema wazi bila haya: mablanketi. Chupa za chai na mahotipoti utaletewa tu hata usipoomba.

Kabla sijafika kwenye vitu vya kutengeneza, kuna jambo moja lisilo na mjadala. Msilale na jiko la mkaa ndani. Huku watu wengi huliingiza jiko chumbani jioni ili chumba kipate joto, na utaambiwa kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu hauna moshi, kwa hiyo hauna neno. Una neno. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mkaa mwekundu huitoa vilevile. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, lakini aliyelala hazioni. Hupoteza fahamu akiwa usingizini na huenda asiamke tena. Ukitaka kitanda kiwe na joto, nunua ile chupa ya mpira ya maji ya moto, ifunike kwa kitambaa, iweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Jiko libaki nje.

Sasa kitanda. Wanandoa wengi huanza na godoro chini, na si aibu hata kidogo. Tatizo ni saruji. Inafyonza joto lako usiku kucha, na jasho linaloshuka kwenye godoro halina pa kutokea, kwa hiyo upande wa chini unaanza kuota kuvu. Tengenezeni chaga, hata ya kupigilia wenyewe, ili godoro liinuke angalau shubiri moja na hewa ipite chini. Mbao za paini hapa kwetu hazina shida, msitu wa Sao Hill kule Mufindi hauko mbali, na kwa seremala yeyote mtapata vipande vilivyobaki kwa bei ndogo. Ila hakikisheni mbao zimekauka. Iwekeni mbao shavuni: mbichi huhisi baridi na unyevu, na ukiinyanyua ni nzito kuliko inavyoonekana. Ukipigilia mbao mbichi itapinda misumari ikiwa humo humo, na chaga italia kila mkigeuka. Na kabati la nguo, mkilipata, lisigusane na ukuta wa nje. Mliachie nafasi ya ngumi, la sivyo msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, nguo za nyuma zitanuka uvundo.

Mlango ni kazi ya jioni moja. Chukua jinzi ya mtumba iliyochakaa, kata mguu mmoja, shona ncha moja, jaza mchanga mkavu uliochanganywa na maranda, shona ncha ya pili, kisha laza chini ya mlango. Upepo umekwisha. Dirisha lipate pazia zito linaloshuka hadi chini ya fremu. Blanketi jepesi la mtumba kutoka soko la Mwanjelwa likipigwa kitenge kwa mbele linapendeza na linazuia baridi kuliko pazia la kung'aa la madukani. Kama mnapikia humo humo ndani kwa gesi, matundu ya juu ya ukuta yabaki wazi. Hayo msiyaguse.

Lakini kitu ambacho ningekitengeneza kabla ya vyote ni tenga la kupikia. Wengine huliita jiko kapu: ni tenga lililojazwa maranda, linalotunza joto la sufuria iliyokwisha kutokota ili chakula kiendelee kuiva bila moto. Na hapa inabidi nieleze jambo ambalo sisi wa pwani tunahangaika nalo sana tukifika huku, yaani maharage kutoiva.

Maharage ya huku si magumu. Yanatoka shamba kwenda soko la jirani, mengi ni mapya kabisa, na kituo cha utafiti wa kilimo cha hapa Uyole kimekuwa kikitoa mbegu zake. Tofauti iko kwenye maji. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua na maji kuchemka mapema, takriban nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Tanga sufuria inatokota kwenye nyuzi 100, hapa inatokota kwenye 94 hivi. Na maji yakishatokota hayapandi joto zaidi hata umimine mkaa wa gunia zima. Kwa hiyo kuchochea moto ni kuchoma hela. Kinachoivisha maharage huku ni muda, na tenga linakupa muda bila kukudai mkaa.

Tafuta tenga kuukuu la mianzi, lile la kubebea nyanya, au kikapu kikubwa cha milulu cha Iringa ukipata kilichofumwa kwa kubana. Nenda kwa seremala ukaombe maranda makavu, mara nyingi atakupa bure maana yanamjazia banda. Yaanike juani kwanza. Kitambaa cha ndani kiwe cha pamba. Khanga iliyochoka inafaa sana, nailoni hapana, sufuria ya moto itaiyeyusha. Panga maranda chini unene wa kiganja kizima, weka katikati sufuria unayoitumia siku zote, halafu jaza maranda pembeni huku ukishindilia kwa mikono mpaka yafike usawa wa mfuniko. Ukiitoa sufuria, shimo lake libaki na umbo lake. Tandika khanga juu, ishone kwenye ukingo wa tenga ili maranda yasimwagike. Kisha shona mto mnene wa maranda wa kufunika juu, mkubwa kuliko mdomo wa tenga. Msifanye ubahili kwenye huo mto. Mvuke na joto hupanda, na mto mwembamba utaviachia vyote.

Maharage loweka usiku, asubuhi mwaga maji yake, weka mapya, yatokote kwa nguvu nusu saa nzima mfuniko ukiwa juu. Hiyo nusu saa usiipunguze: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoharibiwa na mtokoto mkali, na uvuguvugu wa tenga peke yake hauiwezi. Epua, ufute kitako cha sufuria kwa kitambaa kibichi mpaka pasiwe na cheche, maana kipande kidogo cha kaa kilichonasa pale kinaweza kuwasha maranda. Ingiza tengani haraka bila kufunua mfuniko kuchungulia. Funika mto. Baada ya saa tatu au nne yatoe, yarudishe motoni yatokote tena, ndipo uweke kitunguu, nyanya, chumvi na nazi. Ukibonyeza moja kati ya vidole viwili lipondeke bila kubaki na kiini kigumu. Kama bado, tokotesha na urudishe. Usiyaache tengani kutwa nzima ukaenda kazini hadi jioni: chakula kikishakuwa vuguvugu, bakteria huzaliana humo.

Sufuria ijae vizuri. Vikombe viwili vya maharage kwenye sufuria kubwa vitapoa kabla ya kuiva, kwa hiyo ninyi wawili nunueni sufuria ndogo yenye mfuniko unaobana, na tenga lishonwe kwa kipimo chake. Wali wa mchele wa Kyela unatoka vizuri ajabu: punguza maji kidogo kuliko kawaida kwa sababu hayapotei kwa mvuke, uchemke dakika tano, ingiza tengani, na ndani ya saa moja umeiva wenyewe na harufu yake yote imo ndani. Kande ndiyo inayolipa zaidi. Chakula ambacho kingekula mkaa wa nusu siku kinapata mitokoto miwili mitatu tu, na katikati wewe uko sebuleni na wageni wako, hukimbii jikoni kila dakika kumi.

Mama mkwe wangu, anayeishi Tukuyu, alipoliona aliinua mto, akaingiza mkono ndani, akakubali. Kisha akanishauri pembeni niweke majani makavu ya mgomba badala ya maranda, kwa kuwa kule mvua haikatiki na maranda hunyonya unyevu. Yuko sahihi kwa Rungwe, wilaya yao kule Tukuyu. Kwa huku Uyole maranda yanatosha, ila mto uanikwe kila wiki kwenye kiangazi, na masika kila jua likitoka hata kwa saa moja.

Haya yote yafanyeni wawili. Mume wangu ndiye aliyeshindilia maranda, mimi nikashona, na mpaka leo yeye ndiye anayebandika maharage alfajiri kabla ya kwenda kazini kwa sababu anajua hasa tenga linavyofanya kazi. Mwanamume akinunua tu sufuria, jiko litabaki la mkewe. Akishika sindano ya gunia, naye anakuwa na la kusema kuhusu mto ulipopungua. Mkianza Jumamosi hii, asubuhi mmoja aende kwa seremala na kiroba, mwingine atafute tenga, na maranda yaanikwe hadi saa kumi. Kushona fanyeni jioni, mlango umefungwa.