Maswali Yenu: "Ni Mila Yetu" Si Jibu la Kila Kitu

Meseji zimejaa tena na kusema ukweli nusu yake ni swali moja limetumwa na watu tofauti. Nimechagua haya. Kama lako halipo soma ya wenzako kwanza, pengine umeshajibiwa.

"Mwalimu, kila kabila iko na mila yake, kizuri kwa huyu ni kibaya kwa yule. Si hiyo inaonyesha hakuna maadili ya watu wote?" – Kondele, Kisumu

Hili nimelijibu mpaka nimechoka na bado mnalileta. Watu kutofautiana hakuonyeshi kwamba hakuna aliye sawa. Madaktari wawili wakibishana kama ni malaria ama ni taifodi, kubishana kwao hakumponyi mgonjwa.

Kuna hadithi ya Mgiriki Herodotus, zaidi ya miaka 2,400 sasa, watu wa chuo wanaipenda sana. Mfalme Darius wa Uajemi aliuliza Wagiriki mtataka pesa ngapi mle baba zenu wakifa, wakasema hata tukipewa dunia nzima hatuwezi, halafu akaita watu wa India walioitwa Callatiae, hao walikuwa wanakula wazazi wao wakifa, akawauliza mtataka ngapi muwachome moto kama Wagiriki, wakapiga nduru ati asitamke kitu kama hicho. Wengi wanasimulia wanaishia hapo, wanasema unaona, maadili ni mazoea tu. Hebu rudia. Pande zote mbili zilikasirika kwa sababu moja, kwamba mzazi aliyekufa lazima aheshimiwe. Hakuna aliyesema mtupeni mtaroni twende sokoni. Hata huku kwetu, Wajaluo walikuwa wanang'oa meno sita ya chini na Wabukusu wanatahiri vijana kila baada ya mwaka mmoja, Agosti ya 2022, ya 2024, hivyo hivyo. Njia mbili tofauti kabisa, lakini jambo ni hilo moja, mtoto huyu tunamhesabu mkubwa lini.

Kuna watafiti wa Oxford walipitia maandishi kuhusu jamii 60 za dunia wakatoa matokeo 2019. Kusaidia familia, kusaidia watu wako, kurudisha fadhila, kuwa jasiri, kuheshimu wakubwa, kugawana kwa haki, kutoshika mali ya mwingine. Haya saba karibu kila mahali yalipotajwa yalihesabiwa mema. Lakini usikimbie nayo ati wengi wamekubali kwa hivyo ni kweli. Wengi waliwahi kukubali utumwa.

"Kutoa chai kwa trafiki si ni mila yetu Wakenya tu?" – Naka, Nakuru

Hapana. Hakuna babu aliyekuachia kitu cha kukunjwa ndani ya leseni.

"Lekchara wetu anasema haki za binadamu ni maadili ya wazungu, 1948 Waafrika hatukuwepo wakiandika." – mwanafunzi, Maseno

Nusu ni kweli na hiyo nusu isikudanganye. Tarehe 10 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipopigia kura Tamko la Haki za Binadamu, za ndio zilikuwa 48, hakuna iliyopinga, nchi 8 zikajizuia. Afrika karibu yote ilikuwa koloni, sawa. Lakini Misri, Ethiopia na Liberia zilipiga kura ya ndio, na mojawapo ya zilizojizuia ilikuwa Afrika Kusini, ambayo serikali yake ya apartheid iliingia mwaka huo huo. Jiulize mbona. Na kwa meza ya kuandika alikuwa Peng Chun Chang wa China, Charles Malik wa Lebanon, na Hansa Mehta wa India, huyo mama ndiye alikataa iandikwe wanaume wote wamezaliwa huru, akataka iwe binadamu wote.

Sasa Uingereza ilipiga kura ya ndio pia, halafu Oktoba 1952 ikatangaza hali ya hatari hapa Kenya na watu wakajazwa kambini na kuteswa. Mwaka wa 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Hapo ndio lekchara wako ananichanganya. Kama maadili ni ya kila jamii kivyake, wale wazee wa Mau Mau walikuwa wanadai nini? Mkoloni angesema tu kwetu hiyo ni sawa, msituhukumu na mila zenu, na kesi imeisha. Huwezi kumshtaki mwenye nguvu kama kipimo ni cha kwake peke yake.

Na mwambie asome kazi ya Odera Oruka, mwanafalsafa, mtu wa Ugenya hapo tu, aliyefariki 1995. Alienda kukaa na wazee vijijini, wengine hata hawakuwa wamesoma, akaonyesha kuna mzee anayebeba mila vile aliipata na kuna mzee anayeihoji hadharani na bado ni mzee wa hapo hapo. Kwa hivyo hii habari ya kwamba kuhoji ni ya wazungu, hapana bana.

"Kwetu mchawi anajulikana na kijiji kinaamua. Mtu wa nje atatuhukumu na nini?" – Kisii

Nimefikiria nisilichapishe hili. Mei 2008 watu 11 walichomwa huko kwenu, na Oktoba 2021 kule Marani wakauawa wanawake wanne wazee. Wewe unasema kijiji kiliamua. Wale kina mama hawakuwa wa kijiji? Hawakuwa Wakisii? Waliongea lugha hiyo hiyo, wakalima chai hiyo hiyo, na kama kuna mtu aliwauliza mila yao inasema nini sidhani wangesema tuchomwe. Kila mara mtu akiniambia sisi tunaamini hivi, mimi nauliza sisi ni nani, na anayeumia alihesabiwa ama alinyamazishwa. Na wengine msianze kucheka kabila la mtu, Ulaya walichoma na kunyonga makumi ya maelfu kwa shtaka hilo hilo. Wakati mwingine chunguza pia nani alikuwa anataka shamba la huyo nyanya.

"Wasichana wenyewe wanataka kukeketwa, serikali inaingilia nini?" – Kuria

Sheria ya 2011 ya kukataza ukeketaji inasema kukubali kwa mtu si utetezi, na Machi 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la daktari aliyetaka wanawake wazima waruhusiwe kuchagua. Lakini acha korti. Mtoto anayeambiwa hataolewa na mamake atachekwa kisimani akisema nataka, huyo amechagua nini? Nchini wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka wa 1998, 2022 wakawa 15. Na wale manesi wanaofanya usiku likizo ya Desemba ati ni salama, tunawajua.

"Bila Mungu maadili yatatoka wapi?" – Kakamega

Confucius, mwalimu wa China ya kale, alisema usimfanyie mwingine usichotaka ufanyiwe, karne nyingi kabla ya Mathayo 7:12. Muulize pasta wako huyo Confucius alikitoa wapi.

"Mwalimu, kwa hivyo tuache mila zote?" – Webuye

Nani amesema hivyo? Soma tena.

"Mume wangu amefariki, shemeji anasema kwa mila shamba ni la ukoo na nikikataa kurithiwa kama mke nitaleta chira, yaani laana. Ni kweli mila haibadilishwi?" – Siaya

Pole sana dada yangu. Hii nitajibu kwa vitendo, nadharia imetosha. Katiba ya 2010, kifungu cha 2(4), inasema mila inayokinzana nayo ni batili, na cha 44 kinasema hakuna wa kukulazimisha kufanya mila yoyote. Kurithiwa ni kama unataka wewe. Kugusa mali ya marehemu bila idhini ya korti ni kosa la jinai, sehemu ya 45 ya Sheria ya Urithi. Nenda kwa chifu upate barua inayotaja wewe na watoto wako wote, wasichana pia, ndio ufungue kesi ya urithi. Wakikuambia binti hana haki, mwaka wa 2005 Mahakama ya Rufaa iligawa mali ya marehemu Rono bila kubagua mabinti. Na usisaini karatasi yoyote ya shemeji kabla hujasomewa na mtu unayemwamini, hata akiileta pamoja na mbuzi.