Kome wa Nyuzilandi na goti langu la kushoto

Juzi usiku, nikiwa nishazima taa, simu ikalia. Ni ujumbe wa dada mmoja wa Mtwapa ambaye hatujawahi kuonana: "Shikamoo Mwalimu. Nilisoma kwamba umerudi kusujudu chini. Naomba jina la hiyo dawa ya kome. Mama magoti yamemsagika, nimeshamwambia aache vidonge vya hospitali ili hiyo ifanye kazi vizuri."

Nikawasha taa. Marahaba mwanangu, lakini hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu nami niliambiwa vilevile, nikakubali, na sijawahi kuliandika hilo hapa. Kwenye andiko langu la awali mliniona nikijisifu tu kwamba nimerudi kusujudu chini baada ya kutumia kome. Leo nasema yote.

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 29. Anayejua watoto wa umri ule anajua kwamba mwalimu hakai: unainama kwenye madawati, unachutama kumfunga huyu viatu, unapanda ngazi za skuli mara kumi kwa siku. Goti la kushoto lilianza kwa kukwaruza tu. Nikishuka ngazi nasikia kama mtu anakanyaga kaa la mawe. Baadaye likawa linavimba jioni, likipoa asubuhi. Baadaye likaacha kupoa.

Nilikunywa diklofenaki, dawa ya maumivu, kama pipi. Hakuna daktari aliyeniandikia. Nilinunua dukani, nikapewa, nikameza, mara nyingi kabla ya kula. Baada ya miezi kadhaa tumbo likaanza kuniwaka, na presha, niliyokuwa nayo kidogo, ikapanda. Nilipokwenda kupigwa picha ya eksirei, daktari, kijana mpole ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, akanionyesha mahali ambapo gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imelika na mfupa umekaribia mfupa mwenzake. Akaniandikia dawa za tumbo, akabadilisha za maumivu, akaniongezea ya presha, akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mazoezi nilifanya wiki mbili. Nilikuwa na haraka ya kupona, na mazoezi hayana haraka.

Kipindi hicho ndipo nilipoanza kuswali kwenye kiti, kiti cheupe cha plastiki. Mjukuu wangu wa miaka minne akaniuliza, "Bibi, mbona unaswali kama upo mkutanoni?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kisha nikaenda jikoni nikalia, naosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mtu aliye katika hali hiyo humsikiliza yeyote. Alikuja mama mmoja, mcheshi, anajua kuongea, ana mkoba wa chupa. Akaniambia ute wa goti umekauka, na kwamba ana kome, mnyama wa ganda kama chaza, wa bahari za mbali anayeurudisha. Chupa moja shilingi laki na themanini, na nilitakiwa nimalize tatu. Sharti: niache dawa zote za hospitali, "zinapigana." Zote. Nikaacha ya maumivu, nikaacha ya presha. Siku ya 19 nilianguka bafuni. Nilipopimwa, presha ilikuwa 190 kwa 110. Mume wangu hakunisema hata neno. Alikaa pembeni ya kitanda akisoma maandishi ya ile chupa kwa miwani yake, kisha akanipa nisome mwenyewe. Hapakuwa na kome ndani. Ilikuwa glukosamini na manjano.

Yule mama nikimwona sokoni mpaka leo nabadilisha njia. Si yeye anayeniogopesha. Naogopa nitakachomwambia.

Sasa kwa nini nikarudi tena kwenye kome? Kwa ubishi, nadhani. Mtoto wa dada yangu anafanya kazi Auckland, Nyuzilandi, na nilipomsimulia kisa hiki kwenye simu akacheka, akasema, "Mama mdogo, kome mwenyewe yuko huku, tunamla na siagi." Nikataka kumjua huyo kome wa kweli ni nani.

Ni kome mwenye ukingo wa ganda wa kijani, na kwa asili hapatikani kwingine duniani ila Nyuzilandi. Wamaori, wenyeji wa nchi hiyo, wanamwita kuku. Naam, kuku. Niliposoma hilo nilimwita mume wangu aje aone. Anafugwa kwenye kamba ndefu zinazoning'inia baharini kutoka kwenye maboya, hasa Marlborough Sounds, kaskazini mwa Kisiwa cha Kusini, na Coromandel katika Kisiwa cha Kaskazini. Ukizoea kuona kina mama wetu wakifunga mwani kwenye kamba, utaielewa kazi ile upesi, ila wenzetu wana mashua zenye mashine za kuvuta. Kwa ajili ya vidonge, nyama yake hugandishwa kwa baridi kali, huondolewa maji na kusagwa unga. Au hukamuliwa mafuta peke yake.

Ndani yake mna mafuta ya omega-3, yale yale ya samaki. Goti linapouma, mwili hutuma kemikali za kuita uvimbe: joto, wekundu, maji kujaa. Kemikali hizo hutengenezwa kutokana na mafuta yaliyomo mwilini. Omega-3 inapokuwa nyingi, inachukua nafasi ya mafuta yale mengine, na uvimbe unaoitwa unakuwa mdogo. Basi. Gegedu iliyolika hairudi. Wala hakuna ute unaojazwa kama mafuta ya gari.

Kila chupa ya kome ina hadithi moja: Wamaori wa pwani, waliokula kome tangu utoto, hawaugui viungo kama ndugu zao wa bara. Nilipomsomea jirani yangu hadithi hiyo, akaniuliza, "Sisi je? Tumekula kombe tangu hatujaota meno, mbona magoti yanatuua?" Sikuwa na jibu. Mama yangu alizaliwa Bweleo, kijiji cha pwani hapa Unguja. Kila bamvua maji yakipwa alikuwa chini kule na beseni, anaokota kombe na chaza, anawapika kwa nazi. Alikula vya baharini maisha yake yote, na alikufa vidole vimepinda na hawezi kuinuka bila kushikwa mikono miwili. Bila shaka kuchutama kwenye mchanga wa maji miaka arobaini na kubeba beseni kichwani kuna hesabu yake. Lakini tangu siku hiyo hadithi za kwenye chupa naziweka upande mmoja na majaribio naweka upande wa pili.

Na majaribio yanasema nini? Yanavutana. Mwaka 1980 madaktari wa Glasgow, Scotland, walichapisha matokeo mazuri kwa wagonjwa wa baridi yabisi na wa kusagika kwa viungo. Wengine waliorudia miaka iliyofuata hawakuona tofauti. Mwaka 2008 yakapitiwa majaribio manne kwa watu wenye kusagika kwa kiasi kidogo hadi cha kati, na mapitio yakasema kome huenda anazidi kidonge bandia, yaani kidonge cha kujaribia kisicho na dawa ndani. Huenda. Na katika majaribio yote manne, dada yangu wa Mtwapa, wagonjwa walimtumia kome JUU YA dawa zao za kawaida. Hawakuziacha. Hilo halipo kwenye chupa yoyote niliyowahi kushika.

Ile glukosamini niliyouziwa kwa jina la kome, ambayo kwa kawaida hutokana na maganda ya kamba na kaa, ilijaribiwa Marekani kwa watu 1,583 wenye magoti mabovu, matokeo yakatoka mwaka 2006. Kwa jumla haikukishinda kidonge bandia. Laki na themanini zangu.

Basi nikamwendea yule daktari kijana na chupa iliyotoka Auckland mkononi. Niliona aibu kama mwanafunzi aliyekosa kazi ya nyumbani. Akaisoma, akaniuliza kama nina mzio wa vya baharini, akaniuliza kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda. Nikasema hapana na hapana. Akasema, "Jaribu miezi mitatu, dawa zako usiache, mazoezi urudie." Mzio si mzaha, jamani. Dada yangu mkubwa akila kamba mmoja midomo inafura mpaka hawezi kusema. Hata harufu ya chupa yangu sikumpa.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo wenzangu Waislamu mtalielewa: lile ganda la kidonge. Jelatini ya mnyama gani? Chupa ya kwanza haikusema. Nikamrudisha yule mtoto wa dada yangu dukani kule Auckland, akaulize, akaniletea yenye ganda la mmea. Alilalamika kwamba muuzaji alimtazama kama kichaa. Mwache amtazame.

Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki ya nne, hakuna, ila cheuo chenye ladha ya bandari. Nilikaribia kuacha. Wiki ya tisa niligundua nimeshuka ngazi za nyumbani nikiwa nimebeba ndoo, bila kushika ukuta, na nilikuwa nimeshafika chini ndipo nikakumbuka kuogopa. Uvimbe wa jioni ukapungua. Vidonge vya maumivu, kwa ruhusa ya daktari, vikatoka kila siku vikawa mara mbili au tatu kwa wiki. Ijumaa moja nikakisukuma kile kiti ukutani nikasujudu chini. Niliinuka polepole, kwa kushika stuli, lakini niliinuka. Mjukuu akasema, "Mkutano umekwisha?"

Ni kome? Hapo ndipo wengi mnataka niseme ndiyo. Katika miezi ile ile nilifanya mazoezi ya paja kila asubuhi, kunyoosha mguu nikiwa nimekaa na kuushikilia, mara kumi kila mguu. Nilipungua kilo 6, na watafiti wa magoti walishapima kwamba kilo 1 unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu pia. Nadhani kome alichangia. Nilipokosa chupa kwa wiki sita, jioni goti lilianza tena kujaa kidogo. Lakini nikilazimishwa kuchagua kimoja, nitashika mazoezi na kuiacha chupa, na nalisema hilo nikijua baadhi yenu mtafunga ukurasa sasa hivi.

Kinachoniudhi ni jinsi tunavyopenda kuambiwa "acha zote, kunywa hii." Tunamwamini mgeni mwenye mkoba kuliko daktari aliyetupiga picha, kwa sababu mwenye mkoba anaahidi na daktari anatupa mazoezi. Nimekuwa mjinga huyo, kwa hiyo nina haki ya kusema: usiache dawa. Ya presha usiache. Ya sukari usiache. Ukitaka kujaribu kome, mpelekee daktari chupa aisome, nawe soma nyuma, si mbele tu, uone kama kome yumo kweli. Na kama goti limevimba ghafla, lina moto na una homa, hiyo si habari ya kome kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na usiache dawa. Najua nimeshasema.

Nilimjibu dada wa Mtwapa saa saba ya usiku. Jina la chupa sikumpa. Nilimwandikia mama arudishiwe vidonge vyake asubuhi, apimwe presha, halafu tuzungumze. Alijibu jana mchana: wamekwenda, presha ilikuwa juu, amerudishiwa dawa. Kisha akaongeza, "Sasa naomba jina, Mwalimu."

Nitampa, akishamaliza kumwonyesha daktari ujumbe huu. Yangu mwenyewe imebaki vidonge 22. Nimemwandikia mtoto kule Auckland aniletee nyingine. Amejibu kwa sauti, anacheka: "Mama mdogo, kuku wamepanda bei."