Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo masters ya uchimbaji wa akiolojia

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unauliza baada ya digrii ya akiolojia usome masters ya nadharia au hii ya vitendo, ya kushinda shimoni na mwiko mkononi, maana wenzako wanasema kuchimba utajifunzia kazini. Mimi nasema nenda ya vitendo.

Saiti ukishaichimba imekwisha, hairudi. Tabaka la udongo ukishalipitisha mwiko ndo basi, kinachobaki ni ulichoandika, ulichochora na ulichopiga picha. Nilipokuwa mwanafunzi nilikwangua sakafu moja saa sita mchana, jua kali, udongo umekauka wote rangi moja, nikaona hamna kitu nikaendelea kushuka. Kesho yake msimamizi akanyunyizia maji kipande cha pembeni ambacho sikukigusa, likatokea duara jeusi upana wa kiganja, alafu lingine, alafu lingine, matundu ya nguzo za nyumba yamejipanga mstari mmoja unakuja mpaka pale nilipochimba mimi, na pale hamna tena. Mpaka leo inaniuma. Tangu siku ile nalowesha udongo kwanza, ndo nafungua kitabu cha rangi cha Munsell, nasoma namba ya rangi inayofanana na udongo, mfano 10YR 3/3, naandika.

Kazini, mkichimba mahali panapotaka kujengwa, utakuta mkandarasi anasubiri kumwaga zege, nani ana muda wa kukuonyesha hayo?

Na ile matriksi ya Harris, mchoro wa kuonyesha tabaka lipi lilitangulia lipi, ipo tangu 1973 na utaisoma darasani sawa, ila ichore jioni ileile udongo ungali kwenye kucha, kesho utakuwa ushasahau shimo lipi lilikata lipi. Kipande cha mkaa maabara watakipima radiokaboni wakupe miaka yake, lakini kama hukuandika kimetoka tabaka gani, hiyo miaka ni ya kitu gani? Droni na mashine za kupima utazizoea haraka, hizo hazinipi wasiwasi.

Ila kabla hujalipa ada waulize, wiki ngapi mko shimoni, na mkishachimba ni wanafunzi wenyewe wanaoosha vigae vya vyungu, kuvipanga na kuandika ripoti, au mnarudishwa nyumbani? Kazi ya baada ya kuchimba mara nyingi ni ndefu kuliko kuchimba kwenyewe, kozi inayoiruka hiyo siitaki kwako. Wakikujibu nipigie, hata iwe usiku.