Filamu ya Ove kwa mzee aliyefiwa na mke: ipi uangalie naye

Mkuu, pole sana kwa msiba wa mama. Umeuliza kama uangalie na mzee wako A Man Called Otto ya Tom Hanks au ile ya Kiswidi. Nimeziona zote mbili, na ya Kiswidi niliangalia na baba yangu, mama akiwa ameshatutoka.

Anza na ya Kiswidi, A Man Called Ove ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Hannes Holm. Zote zimetokana na riwaya ya Fredrik Backman ya 2012 na kisa ni kilekile: mzee kafiwa na mkewe, kazini kaachishwa, kuishi hataki tena, na majirani wapya hawamwachi apumue. Hanks anaigiza vizuri, ila ukimwona tu unajua moyoni ni mwema. Rolf Lassgård, anayeigiza Ove kwenye ya Kiswidi, hakupi uhakika huo. Kakunja uso, anagombana na kila mtu, na utakaa naye kitambo kabla hujampenda. Kuishi na mzee mwenye majonzi ndivyo kulivyo.

Riwaya inakuingiza kichwani mwa Ove. Kamera haiwezi, kwa hiyo Holm ameyaacha matendo yaseme. Kila asubuhi Ove anakagua mtaa na kuwafokea wanaopitisha magari pasiporuhusiwa. Mkewe Sonja anapobaki kwenye kiti cha magurudumu, Ove anamjengea njia ya mteremko shuleni ili aweze kufundisha. Hapo baba, ambaye tangu arobaini ya mama alikuwa akifagia uwanja kabla hatujaamka, akaanza kuhadithia mwenyewe jinsi alivyomjengea mama jiko la nje, moshi ulipokuwa ukimsumbua kifua. Sisi watoto tulikuwa hatujui.

Sasa hili lishike: Ove anajaribu kujiua zaidi ya mara moja, na unaonyeshwa. Iangalie kwanza peke yako. Kama mzee amewahi kutamka kwamba amechoka kuishi, achana na filamu kabisa. Kaa naye, muulize waziwazi, usimwache peke yake, na mpeleke kwa daktari.

Kuhusu lugha usihofu. Maandishi ya chini baba hakuyaweza, nikawa nasimamisha na kumtafsiria, hasa maneno ya Parvaneh, yule jirani mjamzito kutoka Iran anayemlazimisha Ove amfundishe kuendesha gari. Tulichukua karibu usiku mzima, maana kila nikisimamisha, baba naye ana lake la kusema.