Jibu: Tairi za AT zilizokuja na gari zinatosha porini?
Ndugu, umeuliza kama tairi za AT (All-Terrain, yaani za lami na za njia mbaya) ulizozikuta kwenye gari jipya kutoka kiwandani zitakufikisha Serengeti. Kiangazi zinatosha, mradi upunguze upepo kidogo, tuseme kutoka PSI 35 hadi 28, na uende taratibu kwenye barabara ya mawimbi inayotoka Ngorongoro kuelekea Naabi, lango la kuingilia Serengeti, kwa sababu ubavu wa tairi hizo, ambao mara nyingi hutengenezwa mwembamba ili gari liwe jepesi na lisile mafuta mengi, hukatwa kirahisi na mawe makali. Masika ni habari nyingine: udongo mweusi wa mbuga hujaa katikati ya kashata (meno ya tairi) usitoke, na tairi huteleza kama sabuni hata magurudumu yote manne yakivuta. Mimi hubeba spea mbili.